Mlango wa Mbele wa Nyumba ya Dodoma: Jinsi ya Kupata Ulio wa Kipekee na Utakaodumu

Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa nguvu mwaka 2016, maeneo kama Iyumbu, Nzuguni, Mkonze na Nala yamejaa nyumba mpya. Nyingi zimejengwa vizuri, ila ramani zake zinafanana, na ukipita mtaani unaweza kukuta nyumba tatu mfululizo zenye mlango uleule wa chuma uliochapishwa mistari ya mbao. Sababu naielewa. Mwenye nyumba ameshughulika na msingi, tofali, linta (boriti ya zege inayopita juu ya milango na madirisha) na bati. Akifika kwenye milango amechoka, fedha zimepungua, na familia inataka kuhamia. Anachukua kilichopo dukani.

Mimi naamini mlango wa mbele unastahili kufikiriwa mapema, tena kwa makini. Hapo ndipo mgeni anasimama kupiga hodi na kusubiri, na katika muda huo hana kingine cha kutazama. Naamini pia kwamba mlango wa kipekee hautokani na wingi wa mapambo. Unatokana na jambo moja lililochaguliwa vizuri, likawekwa kwenye mlango ambao jua la Dodoma, vumbi lake na mchwa wake havitauharibu baada ya miaka miwili. Ndiyo maana katika mwongozo huu uzuri unakuja baada ya mambo mengine.

1. Jua mlango utatazama wapi

Kabla hujatazama picha yoyote kwenye simu, simama kwenye kiwanja ujue upande ambao mlango utatazama. Hili ndilo litakaloamua mbao, rangi na kiasi cha nakshi.

Dodoma iko kama nyuzi 6 kusini mwa Ikweta. Mwezi Juni jua la mchana linakaa upande wa kaskazini, lakini bado liko juu, kama nyuzi 60 kutoka upeo wa macho. Mlango wa futi 7 unaotazama kaskazini ukiwa na baraza lililoezekwa la futi 4 kwenda nje, utakuwa kivulini saa sita mchana, jua likiwa juu kabisa. Mlango unaotazama kusini una nafuu zaidi: Desemba jua linasogea huko, ila liko juu sana, hivyo saa sita mchana hata upenu wa futi 2 na ushee unatosha.

Tabu iko mashariki na magharibi, hasa magharibi. Saa 11 jioni jua limeshuka kiasi kwamba ungehitaji baraza la karibu mita 5 ili kuukinga mlango mzima. Hakuna anayejenga baraza hilo. Kwa hiyo mlango wa magharibi unakingwa na kitu kilichosimama mbele yake: ukuta mfupi wa matundu, mwarobaini uliopandwa mahali panapofaa, au mzabibu uliotambazwa kwenye kichanja. Ukishindwa vyote, basi kubali kwamba mlango huo utahitaji kupakwa upya kila mwaka, na uache rangi nyeusi au kahawia nzito. Rangi nzito hunyonya joto, mbao inakauka upande wa nje kuliko wa ndani, na mlango unapinda.

Mlango wa mashariki nao unapokea upepo. Hapa kwetu upepo mwingi huvuma kutoka mashariki na kusini-mashariki, na miezi ya kiangazi huja na vumbi jekundu. Nitalirudia vumbi hilo mbele, maana nalo lina la kusema kuhusu nakshi.

2. Ukubwa

Mafundi wetu huzungumza kwa futi. Mlango wa kawaida wa mbele ni futi 3 kwa 7. Upo wa ubao mmoja na nusu, upana futi 4, wenye bawa kubwa la kutumia kila siku na bawa dogo linalofunguliwa kochi au friji inapoingizwa. Halafu upo wa mabawa mawili sawa, futi 5 au 6.

Ushauri wangu kwa nyumba nyingi za familia ni mmoja na nusu. Mabawa mawili sawa ya futi 5 yanaonekana ya kifahari kwenye picha, lakini kila bawa linabaki na upana wa futi 2 na nusu, na mtu mwenye mzigo, au mzee anayetumia kiti cha magurudumu, atahangaika kupita kwenye bawa moja. Kwenye mmoja na nusu, bawa kubwa linabaki na futi 3 zake kamili. Kwa ajili ya mzee huyohuyo, kizingiti cha chini kiwe kifupi, sentimita mbili hivi, kikiwa na mteremko kuelekea nje.

Amua ukubwa kabla linta haijamwagwa. Kubomoa ukuta uliokwisha pigwa plasta ili kuongeza futi moja ni gharama ambayo ingekununulia mbao bora.

3. Mbao

Hapa sina haraka, kwa sababu fedha nyingi hupotelea hapa.

Mninga ndiyo mbao inayopendwa zaidi kwa milango ya bara, na sifa hiyo inaistahili. Hainywei sana inapokauka, haipindi ovyo, inarandika vizuri, na rangi yake ya dhahabu yenye mistari ya kahawia haihitaji kusaidiwa. Nyingi hutoka misitu ya miombo ya Tabora na Katavi. Mkongo ni mgumu na mzito zaidi, unastahimili mchwa na mvua, ila unachosha meno ya msumeno na fundi atakudai kwa hilo. Mtiki wa kupandwa, kutoka Longuza, Mtibwa na Kilombero, ni chaguo zuri sana kwa mlango wa nje na una mafuta yake ya asili. Mbao za mtiki mchanga huwa na sehemu nyeupe nyingi, kwa hiyo chagua zenye nyeupe kidogo.

Paini ya Sao Hill ni nafuu na inafaa milango ya ndani. Kwa mlango wa mbele wa Dodoma siipendekezi, isipokuwa imetiwa dawa kiwandani, itapakwa rangi ya mafuta, na iko ndani ya baraza kubwa. Mkaratusi usiguse kwa mlango; unajipinda.

Jambo la pili ni ukavu, na kwetu hili ni kubwa kuliko jina la mti. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, takribani Desemba hadi Aprili, na baada ya hapo miezi mingi hewa ni kavu kweli. Mbao iliyokaushwa Dar es Salaam, penye unyevu wa bahari, ikifika hapa inaendelea kukauka. Ubao hupungua upana, wala si urefu, na ndiyo sababu milango mingi hupasuka wima katikati ya paneli mwezi wa Agosti. Muulize muuzaji mbao imekaa muda gani ghalani kwake hapa Dodoma. Mafundi wazuri wana kifaa kidogo cha kupima unyevu. Asiye nacho, mwambie mbao zako zipangwe kivulini zikiwa zimetenganishwa kwa vijiti ili hewa ipite, na zikae wiki kadhaa kabla ya kukatwa.

Tatu, tazama mbao kabla haijapakwa chochote. Hili nalisisitiza. Vanishi nyeusi huficha mbao nyeupe ya pembeni, ambayo wadudu hutoboa kwanza. Huficha vumbi la mbao lililochanganywa na gundi kuziba mafundo. Huficha hata paini iliyovalishwa rangi ya mninga. Ukikuta mlango umekwisha kamilika na unaupenda, omba kukwangua kidogo ukingo wa chini. Uinue pia. Mlango wa mninga wa futi 3 kwa 7, ubao mtupu wa milimita 45 kote, una kilo 50 na zaidi. Wa mkongo unakaribia 70. Wenye paneli nyembamba utapungua, lakini ukiuinua peke yako kwa mkono mmoja, huo si mninga.

Na uliza karatasi. Mbao halali za misitu ya asili husafirishwa kwa hati kutoka Wakala wa Huduma za Misitu, na muuzaji mwenye hati hatakasirika ukiuliza.

Vipi kuhusu chuma? Mlango wa bati nene uliochomelewa na fundi wa hapa, wenye fremu ya bomba la pembe nne, ni kitu cha heshima na unaweza kupendeza sana. Ninaoupinga ni ule wa bati jembamba uliojazwa makaratasi ya umbo la sega la nyuki. Mchoro wake wa mbao hufifia juani, ukibonyea haunyooki, na kitasa chake kikiharibika mara nyingi hupati kinachoingia kwenye tundu lilelile.

4. Chagua jambo moja

Sasa tumefika kwenye upekee wenyewe. Kanuni ninayoifuata: kitu kimoja kiseme, vingine vinyamaze. Nakshi, kioo cha rangi, misumari ya shaba, mpini mkubwa wa dhahabu na rangi ya pekee vikiwekwa pamoja, jicho halijui litue wapi. Kuna njia nne ambazo nimeona zikifaa nyumba za huku.

Njia ya kwanza ni nakshi. Wengi hukimbilia mlango wa Kizanzibari, na si vibaya. Milango ya Mji Mkongwe ina uzuri ambao haujapitwa. Ukiutaka, elewa viungo vyake. Ule mhimili wa katikati, mfaa, unafunika mwanya kati ya mabawa mawili, na kwetu kazi hiyo ni neema kwa sababu unazuia vumbi. Fremu iliyochongwa mnyororo au maua ndiyo inayobeba nakshi nyingi, na mabawa huachwa karibu matupu. Wanaoiga huchonga mabawa pia, wakaujaza mlango hadi ukapoteza pumzi. Misumari ya shaba nayo ina bahati Dodoma: hatuna chumvi ya bahari, kwa hiyo shaba hapa huchelewa kupoteza mng'ao.

Lakini kwa nini mlango wa Chamwino au Miyuji uzungumze Kiunguja tu? Ukanda wetu una picha zake. Michoro ya miambani ya Kolo, wilayani Kondoa, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, ina watu warefu wembamba na wanyama kama pofu na twiga waliochorwa kwa rangi nyekundu. Umbo moja la namna hiyo, limechongwa kina kifupi kwenye paneli moja tu, linatosha kuufanya mlango usiwe na mwenzake mtaani. Au mzabibu: Dodoma ndiyo mji wa zabibu nchini, na tawi lenye majani na vichala vinavyopanda kwenye mwimo mmoja wa fremu ni nakshi inayoeleweka kwa kila anayepita. Au mbuyu wakati wa kiangazi, matawi matupu, ambao mchongaji mzuri anaweza kuumaliza kwa mistari michache.

Mlango ukitazama mashariki, nakshi iwe ya kina kifupi na kingo zake zilazwe. Vumbi jekundu hujaa kwenye mashimo, na mvua ya kwanza hulifanya tope. Nakshi ya kina iweke ndani ya baraza, au upande usiopigwa na upepo.

Njia ya pili ni mbao yenyewe: mlango usio na nakshi hata moja, mbao pana za mninga zilizochaguliwa mistari yake ioane kutoka paneli hadi paneli. Inahitaji fundi mwenye jicho na mnunuzi mwenye subira ya kuchambua rundo zima la mbao. Binafsi ndiyo ninayoipenda kuliko zote.

Njia ya tatu ni rangi. Ukuta mwingi wa Dodoma ni wa rangi ya udongo, malai au kijivu, na mlango wa buluu iliyoiva au kijani cha jani la mwarobaini unaonekana kutoka mbali. Epuka nyeupe, vumbi letu litakutawala.

Njia ya nne ni kilichouzunguka: kuta mbili fupi za mawe ya hapa kila upande, au dirisha jembamba la juu ya mlango. Dirisha hilo likiwa na wavu wa mbu na kipande kinachofunguka, hewa ya moto iliyopanda darini hutoka usiku, na sebule inapoa bila feni. Kioo cha pembeni mwa mlango kiwe kile cha usalama kinachovunjika chembechembe, au chenye tabaka mbili zilizogandishwa pamoja, na kiwe mbali na kitasa zaidi ya urefu wa mkono.

5. Grili

Hapa ndipo milango mizuri hufichwa. Mtu anatumia fedha nyingi kwa mlango wa kuchonga, kisha fundi wa kuchomelea anakuja na grili ya nondo zilizopishana, anaifunga mbele, na mlango hauonekani tena.

Ukiona unaihitaji grili, na wengi wetu tunaihitaji, ichore siku moja na mlango. Nondo zake zifuate mistari ya mlango: penye muungano wa paneli ndipo pawe na nondo, na mbele ya nakshi pawe wazi kwa kiasi ambacho kichwa hakipiti. Ama grili iwe ndiyo hilo jambo moja la kipekee, mzabibu wa chuma kwa mfano, na mlango wa nyuma yake uwe mtulivu. Ukumbuke pia mpini: acha nafasi ya sentimita 10 na zaidi kati ya grili na mlango, la sivyo utaumiza vidole kila siku. Grili ifunguke nje, mlango ufunguke ndani, bawaba zote mbili upande mmoja.

Njia nyingine ni kuhamishia ulinzi kwenye mlango wenyewe: ubao wa milimita 45, fremu iliyoshikwa ukutani kwa vyuma, kitasa cha kuzamishwa ndani ya ubao na komeo juu na chini. Kwenye nyumba yenye ukuta na geti hilo linaweza kutosha.

6. Makubaliano na fundi

Nenda karakana ukiwa na mchoro wenye vipimo, hata wa penseli. Usimwambie fundi "nifanyie kama huu" huku unamwonyesha simu. Picha haina unene. Muombe akutenganishie bei: mbao, fremu, kazi, nakshi, vitasa na bawaba, upakaji, usafiri na ufungaji. Bei ya jumla moja ndiyo inayozaa ugomvi baadaye.

Andikeni: aina ya mbao na kwamba ni kiini (sehemu ya ndani ya mti, si ile nyeupe ya pembeni), unene baada ya kurandwa, aina ya viungo, tarehe. Kuhusu viungo, sema wazi unataka ulimi na tundu (ncha ya ubao mmoja iingie kwenye tundu la mwingine), na paneli ziingie kwenye mfereji bila gundi. Paneli inayoelea namna hiyo hupungua na kutanuka na majira bila kupasuka. Iliyogandishwa kwa gundi pande zote itapasuka tu. Malipo yagawe: sehemu ya kununulia mbao, sehemu ukishaona mlango umeungwa kabla haujapakwa, na iliyobaki ukishafungwa na kufunguka vizuri. Fundi anayejiamini hatakataa. Mchongaji na seremala wakiwa watu wawili, mkubaliane nani anabeba hasara nakshi ikiharibika.

7. Fremu na ufungaji

Fremu iwe ya mbao ileile ya mlango, inchi mbili kwa sita. Upande wake wa nyuma unaogusa ukuta upakwe dawa ya mchwa kabla haujaingia, na miguu yake isizamishwe kwenye udongo wala zege bichi. Oili chafu, ambayo wengi huitumia, inaacha mafuta yanayozuia rangi kushika. Nunua dawa halisi. Mchwa wa Dodoma hupanda kwenye nyufa za ukuta bila kuonekana, kwa hiyo dawa ya msingi nayo isiachwe wakati wa kujenga.

Ukifunga wakati wa kiangazi, acha mwanya wa milimita 3 juu na pembeni. Utaona ni mkubwa, na watu watakuambia fundi amekosea. Februari mbao ikivimba kidogo utashukuru. Kwenye viwanja vya udongo mweusi wa mbuga, unaovimba na kunywea, mlango kukwama huweza kuwa dalili ya ukuta unaohama. Usiurande mlango kabla hujakagua linta na pembe za ukuta kama zina nyufa.

Bawaba ziwe nne kwa mlango mzito, inchi 4, za chuma kisichoshika kutu au shaba nzito, na skrubu ndefu zinazofika ndani ya fremu. Chini weka brashi au mpira wa kuzuia vumbi.

8. Kupaka na kutunza

Mlango una pande sita. Mafundi wengi hupaka nne na kuacha ukingo wa juu na wa chini kwa sababu hauonekani, na hapo ndipo unyevu huingia. Simamia zote sita zipakwe kabla mlango haujatundikwa. Tumia vanishi ya nje, ile inayokinga jua. Ya samani za ndani itababuka ndani ya mwaka. Mafuta ya linsidi (ya mbegu za kitani) ni rahisi zaidi kurudia kwa sababu hayahitaji kukwanguliwa, ila huvuta vumbi siku za mwanzo, basi yapake asubuhi kabla upepo haujaamka.

Kitasa usikitie mafuta. Vumbi hushikana nayo na kuwa tope gumu ndani. Tumia unga wa grafiti, au kwangua risasi ya penseli uupulizie kwenye tundu la ufunguo.

Nakshi isafishwe kwa brashi kavu ya kupakia rangi, si kwa kitambaa kilicholowa. Kila Oktoba au Novemba, kabla mvua hazijaanza, pitisha kiganja juu ya mlango: penye ukavu unaokwaruza pigwe msasa laini na kupakwa upya, hata kama ni paneli moja tu ya chini. Mvua za kwanza zikishapita, kaza skrubu za bawaba zote, kwa sababu mwaka wa kwanza mbao bado inatafuta mahali pake, na urekebishe bamba la kitasa kwenye fremu kama ulimi wake haugongi katikati.